Chupa Mbili za Mkojo Mmoja: Uchambuzi wa Kisa cha Mchezaji Aliyefungiwa kwa Bangi

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha kweli. Kilitokea Marekani, katika ligi ya NFL, ambayo ndiyo ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani. Jina la mchezaji, klabu yake na miji aliyoishi nimeviondoa, na humu nitamwita Mpokeaji, kwa kuwa kazi yake uwanjani ilikuwa kukimbia mbele ya mabeki na kudaka pasi ndefu. Miaka, viwango vya maabara na vifungu vya kanuni nimeviacha kama vilivyokuwa, maana mzozo wote ulisimama juu ya tarakimu, na mtu akizificha hapati cha kujifunza.

Nimekichagua kwa ajili ya wanaokaa katika kamati za nidhamu, madaktari wa timu na viongozi wa vyama vya wachezaji. Ni kisa ambacho kila aliyehusika anaweza kuonyesha kifungu alichokifuata, na bado mwisho wake uliwaumiza wote.

Kanuni zilivyokuwa

Katika NFL, kanuni za dawa za kulevya hutokana na makubaliano kati ya wamiliki wa timu na chama cha wachezaji, ndani ya mkataba wa hali bora za kazi. Dawa za kuongeza nguvu zina kanuni zake. Bangi, kokeni, kodeini (dawa ya kutuliza maumivu na kikohozi inayoweza kulevya) na pombe inapovuka mpaka zina kanuni nyingine. Kwa hiyo kubadilisha kiwango cha bangi si kazi ya daktari peke yake. Ni jambo la mezani, la kupewa na kutoa, kama vile mishahara na siku za mazoezi.

Hadi mwaka 2014, mchezaji ambaye hajawahi kuwa na kosa alipimwa bangi mara moja kwa mwaka, katika kipindi kilichoanza tarehe 20 Aprili na kwisha kabla ya msimu kuanza. Akishavuka kipimo hicho, hakuna aliyemgusa tena mpaka mwaka unaofuata. Aliyepatikana na kosa aliingizwa katika programu ya uangalizi yenye ngazi tatu. Katika ngazi za juu aliweza kupimwa hadi mara 10 kwa mwezi, bila taarifa, nyumbani kwake au popote alipo. Kosa moja katika ngazi ya tatu lilimtoa mchezoni kwa mwaka mzima usiopungua, bila mshahara, na kurudi kwake kulitegemea ombi kwa kamishna wa ligi.

Tuione hali hii vizuri. Wachezaji wawili wanaobadilisha nguo kabati kwa kabati waliweza kuvuta bangi usiku mmoja, katika nyumba moja. Mmoja akalala salama kwa kuwa kipimo chake cha mwaka kimeshapita, na mwenzake akapoteza kazi kwa mwaka mzima.

Kikomo cha mabaki ya bangi katika mkojo kilikuwa nanogramu 15 kwa mililita (nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu). Kilikuwa kikomo cha chini mno hata kwa vipimo vya wakati huo. Shirika la kupambana na dawa za kusisimua misuli duniani, WADA, lilikuwa limeshapandisha kikomo chake kutoka 15 hadi 150 mwezi Mei 2013, kwa maelezo kwamba lengo lake ni kumkamata anayetumia wakati wa mashindano, wala si aliyevuta wiki kadhaa kabla. Nje ya michezo nako mambo yalikuwa yakibadilika. Wapiga kura wa majimbo ya Colorado na Washington waliruhusu bangi kwa watu wazima mwaka 2012, na maduka ya Colorado yakafunguliwa tarehe 1 Januari 2014. Mwezi mmoja baadaye, fainali ya ligi ilizikutanisha timu ya Denver na timu ya Seattle, yaani timu za majimbo hayohayo mawili.

Mchezaji mwenyewe

Mpokeaji aliingia ligini akiwa na umri wa miaka 21, na tayari chuoni alikuwa ameshapata matatizo yaliyotokana na bangi. Klabu iliyomchukua ililijua hilo. Mwaka 2013 alipatikana na kodeini, akaeleza kwamba ilitokana na dawa ya kikohozi, akafungiwa mechi 2 na kupoteza mshahara wa mechi 4. Aliporudi alicheza msimu wa ajabu, akawa miongoni mwa wapokeaji wawili watatu bora katika ligi nzima. Alikuwa ngazi ya tatu ya programu, akipimwa mfululizo, na watu wa upande wake walisema kwamba tangu aanze uangalizi huo alikuwa amevuka vipimo visivyopungua 70.

Kipimo

Utaratibu wa kuchukua sampuli unastahili kuelezwa kwa karibu, kwa sababu humo ndimo kisa kilimozaliwa. Mpimaji hufika na kumtazama mchezaji akikojoa katika kikombe. Mkojo huo hugawanywa katika chupa mbili, zikafungwa kwa lakiri na kuandikwa A na B. Maabara hufungua chupa A kwanza. Ikizidi kikomo, mchezaji ana haki ya kuomba chupa B ipimwe.

Mapema mwaka 2014, chupa A ya Mpokeaji ilitoa nanogramu 16. Chupa B ikatoa 13.6.

Mkojo ni mmoja, wa mtu mmoja, wa dakika ileile. Nusu yake ilikuwa juu ya kikomo na nusu yake chini. Ukizijumlisha tarakimu hizo na kugawanya kwa mbili unapata 14.8, ambayo iko ndani ya kinachoruhusiwa. Lau mpimaji angeibandika lebo ya A kwenye chupa iliyobandikwa B, faili lingefungwa siku hiyo na Mpokeaji asingejua kamwe kwamba alikaribia kuanguka.

Kanuni za ligi hata hivyo hazikuitaka chupa B ivuke kikomo. Ziliitaka ionyeshe tu kwamba mabaki yamo, kwa kiasi chochote ambacho mashine inaweza kukiona. Kwa hiyo kisheria 13.6 haikumwokoa, ilimthibitishia kosa.

Kuvuja kwa taarifa na rufaa

Programu hii ilipaswa kuwa ya siri. Habari za kipimo zilitangazwa na vyombo vya habari mwezi Mei 2014, siku zilezile timu zilipokuwa zikichagua wachezaji wapya, miezi mitatu kabla ya rufaa kusikilizwa. Kufikia Agosti, Mpokeaji alikuwa ameshahukumiwa redioni na vibarazani. Hakujisaidia pia: mwezi Julai alikamatwa akiendesha gari akiwa amelewa.

Rufaa ilisikilizwa mwanzoni mwa Agosti na msikilizaji aliyeteuliwa na ligi, ambaye huko nyuma aliwahi kuwa mtendaji wa ligi hiyohiyo. Utetezi ulikuwa na nguzo mbili: kwamba mabaki yale yalitokana na moshi wa watu wengine, na kwamba chupa mbili zisizokubaliana haziwezi kuwa msingi wa kumfungia mtu mwaka mzima. Tarehe 27 Agosti, siku chache kabla ya msimu kuanza, rufaa ilikataliwa. Mpokeaji akatoka klabuni na kupata ajira katika duka la kuuza magari.

Kuna jambo lililowachoma watu wengi majira hayo. Mwezi Julai 2014, mchezaji mwingine wa ligi hiyo aliyempiga mchumba wake mpaka akazimia alifungiwa mechi 2. Adhabu hiyo ilikuja kuongezwa mwezi Septemba, baada ya video ya tukio kuonekana hadharani, lakini kwa wiki sita hesabu ilisomeka hivyo: mechi 2 kwa kumzimisha mwanamke, mechi 16, yaani msimu mzima wa wakati huo, kwa nanogramu moja iliyozidi. Kamati ya nidhamu inayofikiri kwamba adhabu zake zinasomwa moja moja inajidanganya. Watu huzipanga pamoja na kuuliza chombo hiki kinathamini nini.

Kanuni mpya katikati ya msimu

Mwezi Septemba 2014, mechi za kwanza zikiwa zimeshachezwa, ligi na chama cha wachezaji walikubaliana kanuni mpya. Kikomo cha bangi kilipanda kutoka 15 hadi 35. Rufaa za vipimo zikahamishiwa kwa wasuluhishi wa nje, wanaochaguliwa na pande zote mbili. Na kati ya adhabu ya mechi 4 na ile ya mwaka mzima ikawekwa ngazi mpya ya mechi 10.

Kesi ya Mpokeaji ilirejewa na adhabu yake ikapunguzwa hadi mechi 10. Haikufutwa. Akaruhusiwa kuingia klabuni, kuhudhuria vikao na kufanya mazoezi ya viungo, ila si kujifua uwanjani na wenzake. Hivyo aliendelea kutumikia adhabu kwa kiasi ambacho ligi yenyewe ilikuwa imeshakiri, kwa maandishi, kwamba si kosa tena.

Baada ya kurudi

Alirudi mwezi Novemba. Akacheza mechi 5 zisizofanana na zile za mwaka uliopita, kisha klabu ikamsimamisha mechi ya mwisho kwa kukosa kufika katika maandalizi ya timu. Siku chache baada ya msimu kwisha alipanda ndege na wenzake, akanywa pombe, na aliposhuka akapimwa. Pombe ilikuwa halali kwa mchezaji mwingine yeyote mwenye umri wake, lakini yeye alikuwa amekatazwa kutokana na kosa la kuendesha gari akiwa amelewa. Akafungiwa msimu wote wa 2015. Mwaka 2016 alirejeshwa kwa masharti, na kabla hajacheza mechi hata moja akaingia mwenyewe katika kituo cha tiba ya uraibu. Alionekana tena uwanjani mwishoni mwa 2017. Baada ya hapo aliendelea kubadilisha timu, kufungiwa na kurejeshwa, na mechi nyingi za miaka ambayo mpokeaji huwa katika ubora wake zilipita yeye akiwa nje.

Mwaka huo wa 2017 alizungumza waziwazi na vyombo vya habari. Alisema kwamba karibu kila mechi aliyowahi kucheza, alikuwa ametumia kitu fulani kabla ya kuingia uwanjani.

Maamuzi na sababu zake

Ligi ilikuwa na sababu ya kusimamia tarakimu ile. Kikomo kikishakubaliwa mezani, atakayelegeza kwa nanogramu moja leo ataombwa alegeze kwa tatu kesho, na nyota akisamehewa, mchezaji wa akiba aliyefungiwa mwaka jana atauliza alikosea nini. Kuhusu chupa B, sababu ilikuwa ya kimaabara: baadhi ya kemikali hupungua sampuli inapokaa, kwa hiyo kudai chupa ya pili ifikie kiasi kilekile kungewaachia watumiaji wengi wa dawa nzito. Ni hoja ya kweli. Ila haikutungwa kwa ajili ya mtu ambaye chupa yake ya kwanza imezidi kikomo kwa 1.

Msikilizaji wa rufaa aliusoma mkataba na kuutekeleza. Hakupewa mamlaka ya kupima kama adhabu inalingana na kosa. Alipewa swali la ndiyo au hapana. Chama cha wachezaji nacho hakiwezi kunawa mikono. Kilikuwa mezani miaka yote kikomo cha 15 kilipokuwa kikitumika, na mazungumzo ya kukibadilisha yalicheleweshwa pamoja na mambo mengine makubwa, hasa upimaji wa homoni ya ukuaji na nani asikilize rufaa. Wakati wakubwa wakivutana, wachezaji wa ngazi ya tatu waliendelea kukojoa katika vikombe.

Klabu ilichagua kusubiri. Haikumwacha na haikumkana. Nadhani uamuzi huo ulikuwa na utu kuliko wote katika kisa hiki, hata kama ulitokana pia na thamani yake uwanjani.

Kilichofanya kazi

Kilichofanya kazi ni kidogo, lakini kipo. Mzozo wa hadharani uliharakisha mabadiliko ambayo yalikuwa yamekwama. Wasuluhishi wa nje ni ushindi uliobaki. Ngazi ya mechi 10 iliziba pengo la ajabu kati ya mwezi mmoja na mwaka mzima. Ruhusa ya kuingia klabuni wakati wa adhabu ilirekebisha kosa ambalo kwa maoni yangu lilikuwa kubwa kuliko lile la kikomo, na nitalirudia.

Mabadiliko yaliendelea. Mkataba mpya uliopitishwa na wachezaji mwezi Machi 2020 uliondoa kabisa kufungiwa kwa sababu ya kupatikana na bangi tu, ukabakiza faini, ukapandisha kikomo hadi 150 na kufupisha kipindi cha kupimwa hadi wiki 2 za kwanza za kambi ya mazoezi. Mwaka 2022 ligi na chama cha wachezaji walitoa dola milioni 1 kwa watafiti wa vyuo vikuu viwili, kimoja cha Marekani na kingine cha Kanada, wachunguze kama viambato vya bangi vinaweza kutuliza maumivu ya wachezaji. Mwishoni mwa 2024 kikomo kilipandishwa tena, hadi 350.

Kilichoshindikana

Kosa la kwanza ni kuichukulia tarakimu ya maabara kana kwamba haina ukungu. Kila kipimo kina kiasi chake cha kuyumba, na kanuni makini huliwekea jambo hilo nafasi. Kwa WADA, kikomo cha bangi ni 150, lakini maabara haitangazi kosa mpaka kiasi kizidi 180. Nanogramu hizo 30 ni nafasi ya shaka, na shaka hiyo anapewa mchezaji. Katika kisa chetu nafasi hiyo haikuwepo, na chupa mbili za mkojo mmoja zikaonyesha mbele ya macho ya wote jinsi kipimo kinavyoyumba. Kanuni iliiona tofauti ile na haikuwa na la kuifanyia.

La pili linahusu kinachopimwa. Mabaki ya bangi huhifadhiwa katika mafuta ya mwili na kutoka polepole, kwa siku kadhaa au hata wiki kwa mtu anayevuta mara kwa mara, na mkojo huwa mzito au mwepesi kutegemea maji mtu aliyokunywa. Kipimo hakisemi kama mtu alilewa, wala lini, wala kama anaweza kuacha. Hapa ndipo maneno yake ya 2017 yanapouma. Kama ni kweli kwamba alikuwa akitumia kitu karibu kila mechi, basi mfumo uliomchunguza kuliko mchezaji mwingine yeyote ulimpitisha mara 70 akiwa mgonjwa, na ukamkamata kwa mara moja ambayo ushahidi wake ulikuwa dhaifu kuliko zote. Waliomtetea walisema hana hatia kwa sababu ya 13.6. Waliomlaumu walisema ana hatia kwa sababu ya 16. Sioni kama kuna upande uliouliza kwa nini kijana mwenye kipaji kile, anayejua kwamba anaweza kupimwa mara 10 kwa mwezi na kwamba riziki yake yote iko katika kikombe kile, bado anakaa chumba kimoja na bangi.

Kosa la tatu, ambalo nilisema nitalirudia, ni kumtoa mtu mahali alipo salama. Kwa mujibu wa kanuni za awali, aliyefungiwa mwaka mzima hakuruhusiwa kukanyaga klabuni. Alipoteza mshahara, ratiba, makocha, daktari wa timu na wenzake kwa siku moja, na kubaki na zile saa za mchana ambazo mtu mwenye uraibu huziogopa kuliko zote. Aliyewahi kumhudumia ndugu katika nyumba ya upataji nafuu anajua kwamba siku huanza kwa ratiba: kuamka, kufagia, kikao, chai. Adhabu iliyodai kwamba inamsaidia ilimnyang'anya ratiba pekee aliyokuwa nayo.

Masharti ya mpito nayo yalishindwa. Kikomo kilipopanda hadi 35, ilibidi mkataba useme wazi wale ambao kosa lao limefutika watendewe nini. Kupunguza mechi 16 kuwa 10 kulikuwa maelewano ya mezani, na hakuna kanuni inayoweza kueleza kwa nini mechi 10 zibaki.

Usiri uliovunjwa nautaja kwa ufupi, kwa sababu hauna utetezi. Programu ya tiba ikishavuja, mgonjwa anayefuata hatasema kweli kwa daktari.

Kwa haki lazima niseme pia kwamba kikomo kikubwa kisingemwokoa Mpokeaji. Aliangushwa na pombe 2015, na mwaka 2019 alifungiwa tena kwa makosa yaliyohusisha pia dawa za kuongeza nguvu. Kanuni za 2020 zingemwachia mkojo wa 2014 na zisingegusa kilichokuwa kikimsumbua.

Kwa kamati zetu

Soka la Tanzania, Kenya na majirani liko chini ya FIFA, na FIFA inafuata kanuni za WADA, hivyo mchezaji wetu hatakutana na ngazi za NFL. Tangu 2021, mchezaji anayepatikana na bangi akathibitisha kwamba aliitumia nje ya mashindano na bila nia ya kuongeza uwezo hufungiwa miezi 3, na adhabu hushuka hadi mwezi 1 akimaliza programu ya tiba iliyokubaliwa. Kifungu hicho kipo kwa maandishi. Ugumu ni pale mchezaji anapokwenda kuithibitisha hoja hiyo bila wakili, katika nchi ambako bangi ni jinai, na hajui kama maneno yake ya kujitetea mbele ya kamati yatamfikisha polisi. Kamati inayotaka aseme kweli inapaswa kumweleza kwa maandishi, kabla ya kikao, maelezo yake yatahifadhiwa wapi na nani atayaona.

Jambo jingine ni programu yenyewe ya tiba. Klabu nyingi hazijawahi kuzungumza na kituo chochote cha uraibu mpaka siku mchezaji wao anapokamatwa, na miezi 3 hupita wakati barua zikizunguka. Daktari wa timu ajue mapema ni kituo gani kitampokea mchezaji, gharama italipwa na nani, na siku ya kwanza ya kufungiwa mchezaji huyo ataamkia wapi.